Programu za kuratibu dharura: ipi inaifaa Kaunti ya Mombasa?

Hukumu kwanza. Programu ya kuratibu dharura inayoifaa Mombasa ni ile ya wastani. Iwe inakaa kwenye seva iliyo hapa hapa mjini, inashughulikia ambulensi na zimamoto peke yake, na inawaachia watu wa hapa waandike wenyewe majina ya mahali. Mitambo mikubwa ya kampuni za nje, inayokuja na moduli ya polisi, kamera za barabarani na ukuta mzima wa skrini ndani ya mkataba mmoja, haikosi uwezo. Tatizo ni kwamba kaunti italipia kazi isiyo yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti ambulensi, zimamoto na kukabiliana na majanga. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, na simu za 999 na 112 zinaishia kwao. Kaunti inachohitaji upande huo ni kitufe cha kuhamisha simu, pamoja na makubaliano ya maandishi kuhusu nani anamhamishia nani, na kwamba mpigaji habanduki kwenye laini mpaka upande wa pili uitikie.

Kazi yenyewe ya programu hizi si ya ajabu. Simu inaingia. Mpokeaji anafungua tukio na kuandika mahali, namba ya mpigaji na kilichotokea. Programu inapendekeza gari, mratibu anakubali au anakataa, wahudumu wanalipata tukio kwenye tableti, na kila hatua inawekewa saa. Kwenye maonyesho ya wauzaji zote zinafanana na zote zinapendeza. Zinaachana mambo yanapokwenda mrama, na Mombasa ina njia zake za kwenda mrama.

Mahali bila anwani

Mtu wa Kisauni akipiga simu hatasema namba ya nyumba wala jina la barabara. Atasema, "Niko Mishomoroni, ukishuka pale stejini ingia ndani, ukipita msikiti kuna posho mill, nyumba ya tatu." Programu nyingi zimeundwa zikitegemea anwani, na kisanduku cha mahali kikikosa anwani hazikubali tukio liendelee. Hilo liwe swali la kwanza kwa muuzaji: je, tukio linaweza kufunguliwa kwa alama ya mahali pekee, na gari likatumwa kabla nukta haijawekwa kwenye ramani? Akisema hapana, mshukuruni mumsindikize.

Kisha kuna majina yanayojirudia. Mpigaji akisema "niko feri", yuko upande wa kisiwani au upande wa Likoni? "Makadara" inaweza kuwa na maana ya hospitali kuu ya Pwani au uwanja. Majengo iko Mvita, na Majengo Mapya iko Likoni. Mpokeaji anapoandika herufi nne za kwanza, programu inapaswa kumletea majina yote yanayolingana, kila moja na kata yake pembeni, na isimchagulie la kwanza kwenye orodha. Jaribuni jambo hili kwa mikono yenu. Andikeni "Maje" mtazame kinachotokea. Andikeni pia majina kwa makosa, kama yanavyoandikwa na mtu anayesikiliza huku mpigaji analia: "Mishomoron", "Bombolu", "Timbwan".

Orodha hiyo ya majina hakuna muuzaji atakayekuja nayo, hata akiapa. Ramani huria ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, inaanzisha vizuri barabara kubwa, lakini vichochoro, posho mill, visima, maduka ya kona na steji za bodaboda lazima vikusanywe. Kaunti ina kata 30. Kadirio la kazi ni alama 150 kwa kila kata, yaani alama 4,500 kwa jumla, kila moja ikiwa na jina rasmi, majina mawili matatu ya mitaani, nukta ya GPS, na maelezo kama gari kubwa linafika au linaishia wapi. Wahudumu wa afya ya jamii ndio wakusanyaji bora. Wanazijua nyumba, na simu wanazo. Mji wa Kale unahitaji ukusanyaji wa peke yake, kwa sababu gari la zimamoto halipiti kwenye vichochoro vile. Pale kinachotakiwa ndani ya programu ni gari lisimame wapi, mpira wa maji uvutwe mita ngapi kutoka hapo, na bomba la maji la zimamoto lililo karibu ni lipi na lina maji au limekauka.

Wauzaji hupenda kuonyesha ujumbe wenye kiungo. Mpokeaji anamtumia mpigaji SMS, mpigaji anaibonyeza, mahali pake panatokea kwenye skrini. Kifaa kizuri, kinunuliwe. Lakini kinataka simu janja, bando, huduma ya mahali iliyowashwa kwenye simu, na mtu mwenye utulivu wa kubonyeza "ruhusu". Mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, hana msaada hapo. Kuna pia teknolojia ya simu kutuma mahali pake yenyewe mtu anapopiga namba ya dharura, lakini hiyo inataka mitandao ya simu na serikali ya kitaifa zikubaliane. Kaunti haiwezi kuiwasha peke yake, kwa hiyo mstari wa kuilipia usiwepo kwenye ankara.

Plus Codes za Google, misimbo mifupi inayosimama badala ya anwani, zinafaa kama msaada. Ni bure, zinafanya kazi bila intaneti, na msimbo kamili wa herufi na tarakimu kumi unaonyesha mraba wa kama mita 14 kwa 14. Zinaweza kuchapwa kwenye milango ya zahanati, shule na misikiti, mpigaji akasoma tu.

Kipimo cha Likoni

Hapa ndipo programu nyingi zitaanguka, na ndiyo sababu tunashauri majaribio yaanzie hapa.

Programu ya bei rahisi huchagua gari la karibu kwa mstari ulionyooka. Mkondo wa Likoni una upana wa kama nusu kilomita. Mtu akianguka Shelly Beach, gari lililoegeshwa Kizingo litaonekana liko karibu kuliko lililoko Mtongwe, na programu italipendekeza bila haya. Programu bora zaidi hufuata barabara, lakini swali halijaisha: feri inahesabiwaje? Kwenye ramani huria feri imechorwa kama kipande cha njia. Programu isipowekewa muda wa kungoja, itadhani gari linavuka kama linavyopita daraja la Nyali. Ukiifuta feri kabisa, njia inayobaki ni kupitia Changamwe, Miritini na Dongo Kundu, safari ya zaidi ya kilomita 30. Majibu yote mawili ni ya uongo kwa saa fulani za siku.

Jibu la kweli ni mratibu kuweza kubadilisha gharama ya kuvuka kwa mkono, papo hapo: dakika 10 mchana feri zikiwa zinatembea vizuri, dakika 40 jioni watu wakirudi makwao, au "imefungwa" feri ikiharibika. Kitendo hicho kisichukue zaidi ya mibonyezo mitatu, na kisihitaji kumpigia fundi aliye nchi nyingine. Mwambieni muuzaji afanye hivyo mbele yenu. Kisha funguni feri kwenye programu na muombe gari la Timbwani. Programu ikiendelea kupendekeza la kisiwani, imefeli.

Na hata ikifaulu, hakuna programu itakayoziba pengo la gari lisilokuwepo. Likoni inahitaji ambulensi yake na gari lake la zimamoto linalolala kule kule, na programu iwekewe sheria kwamba gari la mwisho upande wa kusini haliondoki bila mratibu kuidhinisha. Sheria ya namna hiyo iwe inawezekana kwa kila eneo. Kisauni Kaskazini nayo inaihitaji, maana foleni ya barabara ya Malindi si ndogo.

Jambo jingine la majini: mtu akianguka mkondoni, kaunti haitoshi peke yake kumfuata. Wenye vyombo ni Mamlaka ya Bandari, Walinzi wa Pwani na Jeshi la Wanamaji, na kituo cha kuratibu uokoaji wa baharini kipo hapa hapa Mombasa. Bandari na uwanja wa ndege pia wana zimamoto yao. Programu iwe na orodha ya "magari ya jirani" yasiyofuatiliwa kwa GPS, kila moja na namba ya simu inayopigwa kwa kubonyeza mara moja, na saa ya kuombwa na saa ya kuitikia ziandikwe. Hali ni hiyo hiyo kwa mipaka. Simu ya Mtwapa inaweza kuingia Mombasa ilhali mtu yuko Kilifi, na mpokeaji asiambiwe na programu kwamba "mahali hapatambuliki".

Magari na vitufe

Traka ya gari itume mahali kila sekunde 10 gari likitembea na kila dakika 5 likisimama. Gari la kilomita 60 kwa saa hukata nusu kilomita kwa sekunde 30, kwa hiyo traka ya sekunde 30 itaonyesha gari bado liko Buxton wakati limeshaingia darajani. Msiogopeshwe na bei ya data. Ujumbe mmoja wa mahali una uzito wa baiti mia chache, tuseme 500. Kila sekunde 10 ni jumbe 8,640 kwa siku, kama MB 4.3, yaani kama MB 130 kwa mwezi hata gari lisipopumzika. Muuzaji anayeweka bando la GB 20 kwa kila traka hajapiga hesabu, au amepiga yake.

Tableti iwe na vitufe sita vikubwa, visizidi: nimepokea, nimetoka, nimefika, nimeondoka na mgonjwa, nimefika hospitali, niko huru. Wahudumu watasahau kubonyeza, hasa "nimefika", kwa sababu wakati huo wanashuka mbio na machela. Programu nzuri hukisia kwa GPS na kumuuliza mratibu, "Gari 4 limesimama mita 50 kutoka kwenye tukio, limefika?" Mbaya hubaki ikidhani gari lingali njiani, kisha inaanza kufanya maamuzi juu ya dhana hiyo.

London ililipa ada ya somo hilo. Tarehe 26 Oktoba 1992 huduma ya ambulensi ya mji huo, iliyokuwa ikipokea simu kati ya 2,000 na 2,500 kwa siku, iliwasha mfumo mpya kwa mji mzima siku moja. Mfumo ulitaka kujua bila kukosea kila gari liko wapi na lina hali gani. Data ikapotea kwenye maeneo ya mawimbi dhaifu, vitufe vikabonyezwa bila mpangilio, na mfumo ukaanza kutuma magari mawili kwa tukio moja au la mbali badala ya la karibu. Kila hitilafu ilizaa onyo. Maonyo yakajaa, ya zamani yakasukumwa nje ya skrini bila mtu kuyashughulikia. Waliochoka kungoja wakapiga tena, na kila simu ikarefusha foleni. Siku ya pili wakarudi nusu kwenye karatasi. Tarehe 4 Novemba, usiku wa manane umepita, mfumo ukasimama kabisa: kipande cha programu kilichosahaulika kilikuwa kikila kumbukumbu kidogo ya seva kila gari linapotumwa bila kuirudisha, na seva ya akiba haikuchukua kazi. Walipojenga upya walikwenda hatua kwa hatua, na mfumo uliowashwa 1996 ukakaa.

Kutokana na hayo tunadai majaribio matatu kabla ya mkataba. Moja, mfumo uachwe ukifanya kazi siku 30 mfululizo bila kuzimwa na kuwashwa upya, huku matukio ya mfano yakiingizwa usiku na mchana, na matumizi ya kumbukumbu ya seva yachorwe kila siku. Mchoro ukipanda tu bila kushuka, kuna tundu. Mbili, chomoeni umeme wa seva kuu saa ya kazi muone ya akiba inachukua sekunde ngapi. Tatu, pigeni simu tano za ajali moja ya Kibarani, kila mpigaji akiitaja kwa jina tofauti, muone kama programu inamwonya mpokeaji kwamba huenda ni tukio lilelile.

Zilizopo sokoni

Mitambo ya kampuni kama Hexagon na Motorola Solutions imekomaa na inatumika kwenye majiji makubwa. Leseni huhesabiwa kwa viti, yaani meza za kazi za wapokeaji na waratibu, kwa dola, na matengenezo ya mwaka kwa kawaida ni asilimia 15 hadi 20 ya bei ya leseni. Shilingi ikishuka, bajeti ya kaunti inashuka nayo. Kwa viti vitatu au vinne, ni nguo ya kuazima isiyotutosha.

Huduma za kulipia kwa usajili, kama Rescue.co iliyoanza kwa jina la Flare, zinaunganisha ambulensi za watoaji mbalimbali. Kwa ambulensi ni njia ya haraka na nafuu, na kaunti haihitaji seva. Kabla ya kusaini, ulizeni data za matukio ni za nani, na mkitoka mnaondoka nazo kwa muundo gani.

Halafu kuna programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Tickets CAD haina ada ya leseni, inatumia PHP na MySQL, zana za kawaida za kujenga tovuti, na fundi yeyote mzuri wa mtandao hapa mjini anaweza kuisimamisha kwenye seva. Sura yake ni ya kizamani na haitapiga picha nzuri siku ya uzinduzi. Lakini ushauri wetu ni huu: kaunti iendeshe programu huria miezi sita kwa Likoni na Kisauni tu, ikiwa na mafundi wawili wa kuajiriwa, kisha ndipo iandike zabuni. Itakuwa inajua simu zake ni ngapi kwa saa, zinakwama wapi, na inataka nini. Zabuni iliyoandikwa kabla ya hapo huandikwa, kwa kweli, na muuzaji.

Seva ikae Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Mfumo unaokaa ng'ambo siku hiyo ungekuwa wa kubahatisha. Nakala ya pili iwekwe Nairobi, na ripoti za jana zinaweza kukaa popote sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inaporuhusu.

Viti, umeme, na namba yenyewe

Kiti kimoja cha saa 24 ni saa 168 kwa wiki. Mfanyakazi wa saa 40 anajaza robo yake tu, na ukiongeza likizo, ugonjwa na mafunzo unahitaji watu watano kwa kiti. Wapokeaji wawili na mratibu mmoja ni watu 15, mbali na wasimamizi. Hiyo mishahara ndiyo bei ya mfumo. Programu ni chenji. Nchini Marekani NENA, chama cha huduma za namba za dharura, kinataka asilimia 90 ya simu zijibiwe ndani ya sekunde 15, na hakuna programu inayojibu simu kama kiti ni kitupu.

Viti vitatu vyenye skrini mbili mbili, seva, ruta na swichi vinakula kama kilowati 1. Kwa saa nne za giza weka betri za volti 48, ampea-saa (Ah) 200, usizikamue zaidi ya nusu. Kinachosahaulika ni kiyoyozi: hakiko kwenye betri, na chumba cha seva hapa Pwani kinageuka tanuri upesi. Jenereta iwashe kiyoyozi ndani ya dakika chache, na joto la chumba likae kati ya nyuzi 18 na 27. Hewa ya chumvi nayo hula viunganishi, kwa hiyo chumba kisitazame bahari hata kama mandhari ni mazuri.

Namba fupi ipatikane kwa Mamlaka ya Mawasiliano na iwe bure kwa Safaricom, Airtel na Telkom. Ipigeni kwa kila laini ikiwa haina hata senti. Ikikatika kwenye mtandao mmoja, msizindue.

Malipo na karatasi

Muuzaji asilipwe yote siku ya kufunga mitambo. Asilimia 20 ibaki mpaka siku 90 za kazi halisi zipite bila kusimama. Mkataba useme data zote zitolewe wakati wowote kwa faili la CSV, jedwali la maandishi matupu linalosomeka na programu nyingi, lenye maelezo ya kila safu, na msimbo wa programu uwekwe kwa mtu wa tatu endapo kampuni itafungwa. Maswali ya mpokeaji yawe ya Kiswahili na yaweze kuhaririwa na wauguzi wa kaunti bila kumlipa mtu: "Uko wapi? Namba yako ni ipi? Ameamka? Anapumua kawaida?", kwa mpangilio huo huo, kwa sababu laini ikikatika baada ya swali la kwanza bado gari linaweza kutoka.

Karatasi zisitupwe. Kila kiti kiwe na kadi 50 za tukio zenye masanduku yale yale yaliyomo kwenye skrini, saa ya ukutani isiyotegemea mtandao, ubao wa magari, na redio. Mara moja kwa mwezi, kwa saa nzima, kompyuta zizimwe na kazi iendelee kwa kadi. Mfumo ukirudi, kadi ziingizwe zikiwa na saa zake halisi. Hilo nalo lijaribiwe kabla ya kununua, maana programu nyingine hukataa muda wa nyuma na kuandika saa ya kuingizwa, na ripoti ya mwezi huo itaonyesha ambulensi nne zimetoka na kufika ndani ya dakika moja.